Tulitangaza Mtandaoni

Jumatatu ya wiki iliyopita, kabla jua halijapanda sawasawa, tulikuwa katika kituo kikuu cha mabasi cha mji wetu tukimsindikiza jamaa aliyekuwa safarini. Mbele ya dirisha la tiketi la kampuni moja ya mabasi tulimkuta mama mtu mzima, kikapu miguuni, amemshika mkono mjukuu wake wa kike wa miaka kama saba. Tiketi yake ilisema kuwa basi la Dar es Salaam litaondoka saa 1 asubuhi. Wakati huo ilikuwa saa 1 kasorobo, na basi lilikuwa limekwisha kuondoka tangu saa 12.

“Bibi, tulitangaza mtandaoni,” alisema kijana wa dirishani, wala hakusema kwa ufidhuli.

“Mtandao gani tena, mwanangu? Juzi si wewe mwenyewe uliyenikatia tiketi hapa hapa?”

Kijana hakuwa na la kuongeza ila kuinua simu yake na kuonyesha ukurasa wa kampuni. Ni kweli, tangazo lilikuwapo. Lilikuwa limewekwa saa 4 za usiku wa kuamkia siku hiyo, likapambwa kwa picha ya basi jipya na maneno ya kuwashukuru “wateja wetu wapendwa” kwa uvumilivu wao. Mama yule anatumia simu ndogo ya tochi, ile ambayo vijana huiita kiswaswadu, nayo haionyeshi kurasa za mitandao. Mtoto alikuwa na miadi ya daktari Dar es Salaam alasiri ya siku hiyo hiyo, miadi waliyoisubiri kwa miezi miwili. Basi lililofuata la kampuni hiyo lilikuwa la saa 5. Waliokuwapo wakachangishana, mama akakatiwa tiketi ya kampuni nyingine, na hivyo nauli ya kosa la kampuni ikalipwa na wapita njia.

Tumekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu neno lile la kijana wa dirishani sasa linasikika kila upande. Husemwa na mabenki, husemwa na makampuni ya simu, husemwa na wauza umeme na maji, husemwa hata na shule za kulipia. Husemwa kana kwamba linafunga shauri. Kwa maoni yetu halifungi kitu, na tunataka kueleza ni kwa nini.

Kwanza tuondoe dhana moja. Sisi hatuko miongoni mwa wale wanaolaani kila chombo kipya. Tunakumbuka hali ilivyokuwa kabla ya Julai 2009, wakati mkonga wa SEACOM ulipofika pwani yetu ya Afrika Mashariki kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo mawasiliano ya intaneti yalitegemea satelaiti, yalikuwa ghali na ya kusuasua, na kampuni yenye tovuti ilikuwa ni kampuni kubwa inayotaka kuonekana na wageni. Leo fundi cherehani ana ukurasa wake, muuza samaki anapokea maagizo kwa WhatsApp, na mwenye duka la vipuri hulazimika kujibu mteja aliye wilaya ya tatu kutoka kwake. Mambo hayo ni neema. Mteja aliyekuwa akipanda basi kwenda mjini kuuliza bei sasa anauliza akiwa barazani kwake.

Lakini mwenye duka huyo wa vipuri anajibu. Hapo ndipo penye tofauti, na hapo ndipo makampuni makubwa yalipojikwaa.

Wasomaji wetu wa rika la makamo watakumbuka matangazo ya makampuni yalivyokuwa yakitolewa zamani. Yalisomwa redioni baada ya taarifa ya habari, yakachapwa gazetini, yakabandikwa kwenye mbao za matangazo. Hayakuwa na madoido. Lakini chini yake palikuwa na jina la Meneja, sahihi, tarehe, na S.L.P. ya kuandikia. Mtu aliyekuwa na neno alijua amwandikie nani, na nakala ya barua yake ilikaa katika jalada. Mashirika ya siku zile yalikuwa na madhambi yake mengi, hasa la kuchelewesha majibu mpaka mwombaji akasahau alichoomba. Hatutaki kuyasafisha hapa. Hata hivyo hakuna karani wa zamani aliyethubutu kusema kuwa amekwisha kumjulisha mteja kwa sababu alibandika karatasi ndani ya chumba ambacho mteja hana ufunguo wake.

Tulipotoka kituoni tulikaa ofisini tukazipitia tovuti na kurasa za makampuni kadhaa yanayofanya kazi mkoani kwetu. Hatutayataja, kwa kuwa kosa si la moja wala mawili. Tovuti nyingi zinafanana na ofisi ambayo wenyewe wamehama lakini wakasahau kutoa kibao. Pale penye kichwa cha “Habari Mpya” habari yenyewe ni ya miaka minne iliyopita. Namba ya simu iliyoandikwa haiiti. Pana nafasi ya kuandika ujumbe, nasi tuliandika sita. Mmoja ndio uliojibiwa, nao kwa maneno ya mashine yaliyotushukuru kwa kuwasiliana. Kurasa za mitandao ya kijamii zina uhai zaidi, lakini ni uhai wa sherehe. Mkurugenzi anakata keki. Mkurugenzi anapeana mkono na mgeni. Wafanyakazi wamevaa sare kwa ajili ya siku ya huduma kwa wateja. Chini ya keki hiyo hiyo mteja anauliza kwa nini amekatwa fedha mara mbili, na mwingine anauliza kama tawi la mjini limehamishwa, na hakuna anayewajibu.

Halafu kuna jambo la lugha. Mauzo yanafanywa kwa Kiswahili kitamu, tena Kiswahili cha vijana, chenye utani na mafumbo ya mtaani. Mwisho wa tangazo msemaji anakimbiza ulimi: vigezo na masharti kuzingatiwa. Hivyo vigezo na masharti viko wapi? Viko katika tovuti, kurasa nyingi, kwa Kiingereza kitupu cha wanasheria. Maana yake ni kwamba kampuni inajua Kiswahili pale inapotaka fedha, na inakisahau pale mteja anapotaka kujua haki yake. Hatuamini kuwa ni bahati mbaya. Kuajiri mtu mmoja mwenye kufasiri masharti hayo kwa lugha safi hakuwezi kuishinda kampuni iliyoweza kulipia mabango barabarani kutoka hapa mpaka Chalinze.

Ili tusionekane kuwa tunadai yasiyowezekana, tutoe mfano wa mbali kidogo. Mwezi Aprili 2010 mlima wa volkano wa Eyjafjallajökull huko Iceland ulilipuka, na wingu la majivu yake likaifunga anga ya sehemu kubwa ya Ulaya kwa siku kadhaa. Mamilioni ya abiria wakakwama. Simu za mashirika ya ndege zikazidiwa, na watu wakaanza kuuliza katika Facebook na Twitter. Shirika la Uholanzi, KLM, ambalo ndege zake si ngeni Kilimanjaro na Dar es Salaam, lilikuwa na kurasa hizo kama wengine, kwa ajili ya kujitangaza. Lilipoona maswali yanamiminika, liliwaondoa wafanyakazi katika kazi zao nyingine, likawaketisha kujibu abiria mmoja mmoja: wewe safari yako iko hivi, wewe nenda kule, wewe subiri mpaka kesho. Wingu lilipoondoka shirika halikuwarudisha wote walikotoka, bali liliunda kikosi cha kudumu cha kujibu mitandaoni usiku na mchana, na baadaye likawa linaandika juu ya ukurasa wake muda ambao mteja angesubiri kabla ya kupata jibu.

Tunaomba msomaji azingatie kilichofanyika hapo. Chombo kilikuwa kile kile walichokuwa nacho wengine. Kilichoongezwa ni watu, nao walipewa taarifa za safari na ruhusa ya kuzibadili. Katika makampuni yetu mengi kijana anayeshika ukurasa amepewa kamera na maneno ya salamu. Hana uwezo wa kufungua jalada la mteja, hana uwezo wa kurudisha shilingi elfu moja, na akiuliza kwa wakubwa naye hajibiwi. Ndiyo maana anamwambia kila mtu “njoo inboksi”, na inboksi ikawa ndiyo kaburi la maswali. Hatumlaumu kijana huyo. Tunamlaumu aliyemweka mlangoni bila ya kumpa funguo.

Mfano wa pili ni wa kinyume chake. Mwaka 2008 mwanamuziki wa Canada aitwaye Dave Carroll alisafiri kwa ndege za United Airlines za Marekani, na gitaa lake likavunjwa katika mizigo walipopita Chicago. Matengenezo yakamgharimu dola 1,200. Kwa muda wa miezi tisa alipelekwa kutoka dirisha moja hadi jingine, mwisho akaambiwa hapana. Julai 2009 akatoa wimbo juu ya gitaa hilo katika YouTube, ukatazamwa na mamilioni ya watu, na kampuni iliyoshindwa kupata njia kwa miezi tisa ikapata njia ya kumtafuta kwa siku chache. Mtu angedhani fundisho limeingia. Aprili 2017, katika kiwanja hicho hicho cha Chicago, abiria mwenye umri wa miaka 69 aliyekuwa amelipa nauli yake alikokotwa kutoka kitini, uso ukitoka damu, ili kupisha wafanyakazi wa ndege. Abiria wenzake walipiga picha, na dunia ikaona. Taarifa ya kwanza ya mkuu wa kampuni, Oscar Munoz, iliyotolewa mtandaoni, iliomba radhi kwa kulazimika “kuwapangia upya” abiria hao. Kupangia upya! Mtu amevunjwa pua, na kampuni inazungumza kama mtunza ratiba. Siku iliyofuata ikabidi atoe radhi nyingine, ya kibinadamu, lakini ile ya kwanza ndiyo iliyokaa vichwani mwa watu.

Kuna jambo la kujifunza hapo kuhusu lugha ya kampuni inapokosea. Maneno kama “changamoto ya kimfumo”, “maboresho ya huduma” na “usumbufu uliojitokeza” yamejaa katika kurasa za makampuni yetu pia. Usumbufu haujitokezi wenyewe kama uyoga. Kuna mtu aliyeusababisha. Mama wa kituoni hakupatwa na changamoto. Basi lilimwacha, na tiketi anayo.

Sasa tufike penye hatari yenyewe, ambayo wengi wa wakubwa wa makampuni hawaioni kwa kuwa haiwagusi wao. Tangu huduma ya M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia kwetu mwaka 2008, simu ya mkononi imekuwa ndiyo mfuko wa fedha wa mwananchi. Mwenye kuujua mfuko huo na kuweza kumdanganya mwenyewe, ameiba. Kila msomaji wetu amewahi kupata ujumbe ule unaosema ile hela itume kwenye namba hii. Huo ni wizi wa kubahatisha, kama wa mvuvi atupaye ndoano gizani. Lakini wizi unaofanyika chini ya kurasa za makampuni si wa kubahatisha hata kidogo. Mteja anaandika hadharani kuwa fedha zake hazijafika, na kwa kuwa ana haraka anaweka na namba yake ya simu, pengine na picha ya risiti. Kampuni inakaa kimya saa tatu. Tapeli hakai kimya. Ameshafungua ukurasa wenye jina linalofanana na la kampuni, nembo ile ile, rangi zile zile, naye anamjibu katika dakika tano kwa adabu kubwa: pole sana mpendwa mteja, tutakupigia sasa hivi. Anapiga kweli. Anamtaja kwa jina. Anajua kiasi kilichopotea, maana mteja mwenyewe amekiandika. Akiomba namba ya siri, nani atamshuku?

Kwa hiyo tunaposema kuwa kampuni isiyojibu inamdhuru mteja wake, hatusemi kwa fumbo. Kimya chake ndicho kinachompa tapeli nafasi ya kukalia kiti. Mwenye kutaka ushahidi kuwa jambo hili halichagui kampuni kubwa wala ndogo atazame yaliyotokea Novemba 2022, wakati mtandao wa Twitter ulipoanza kuuza alama ya buluu ya uthibitisho kwa dola 8 kwa mwezi. Mtu mmoja akanunua alama hiyo, akajipa jina la Eli Lilly, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, na kutangaza kuwa insulini sasa itatolewa bure. Wagonjwa wa kisukari wa nchi ile, ambao wengi wao walikuwa wakikamuliwa na bei ya dawa hiyo, walisoma wakidhani ni kweli. Kampuni yenyewe ikalazimika kuomba radhi kwa waliopotoshwa, huku ikieleza kuwa insulini haitolewi bure, jambo ambalo si jepesi kulieleza kwa sura nzuri.

Hapa kwetu sheria haiko kimya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Kenya walitunga ya kwao mwaka 2019. Mamlaka ya Mawasiliano nayo imeweka namba 15040 ya kupokelea taarifa za namba za matapeli. Mambo hayo ni mema. Lakini sheria haiwezi kumkalia kampuni mlangoni asubuhi na jioni. Kufuta namba za wateja zilizoanikwa chini ya tangazo, kuwaonya walioziweka, kuripoti kurasa za bandia, hiyo ni kazi ya mwenye ukurasa, kama vile kufagia mbele ya duka ni kazi ya mwenye duka.

Jambo jingine tutaligusa kwa haraka. Makampuni mengi madogo siku hizi hayana tovuti kabisa, yana ukurasa tu katika Instagram au Facebook, na hudhani kuwa hiyo ni nyumba yao. Ni chumba cha kupanga. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika kwa pamoja kwa muda wa saa kama sita duniani kote, na wenye mitandao hiyo wenyewe wakalazimika kwenda Twitter, kwa mshindani wao, kueleza kilichowapata. Mei 2025 ukafuata mtandao wa X, yaani ile Twitter iliyobadili jina mwaka 2023, ambao ulizuiwa nchini mwetu, na wateja waliozoea kuulizia huko wakakosa pa kuulizia. Mwenye busara ataandika namba yake ya simu ukutani mwa duka, atakuwa na daftari la wateja wake, na tovuti ndogo iliyo yake mwenyewe, hata ikiwa na ukurasa mmoja, mradi anwani na bei zilizomo ni za mwaka huu.

Na tukirudi kwa kampuni ile ya mabasi, kuna jambo lililotuchoma kuliko yote. Mama yule alipotuonyesha tiketi yake tuliona namba yake ya simu imeandikwa juu yake, kwa kuwa kampuni humwomba kila abiria namba kabla ya kumkatia. Simu ya tochi haionyeshi kurasa, lakini inapokea ujumbe mfupi na inaita. Abiria wa basi moja hawafiki mia. Kijana mmoja, kwa saa moja, angeweza kuwapigia wote. Kampuni ilikuwa na njia ya hakika ya kumfikia, ikaiacha, ikachukua njia ya kuonekana. Tulipomuuliza msimamizi wake, bwana muungwana aliyetukaribisha kiti, alitujibu kuwa ukurasa wao una wafuasi elfu kumi na nane. Tukamwuliza ni wangapi kati ya hao walikuwa na tiketi za asubuhi ile. Akacheka, nasi tukacheka naye, kwa kuwa hatukutaka kumvunjia heshima ofisini kwake.

Tunayataka makampuni ya mkoa huu yafanye mambo ambayo si ya gharama. Badiliko lolote linalomgusa mtu aliyekwisha kulipa lipelekwe kwake mwenyewe, kwa simu au ujumbe, kabla ya kuwekwa ukurasani kwa ajili ya umma. Libandikwe pia dirishani, kwa maandishi makubwa. Anayeshika ukurasa apewe jina, apewe uwezo wa kutengeneza makosa madogo, na aandikiwe saa zake za kazi ili mteja ajue lini asitegemee jibu. Masharti yawekwe kwa Kiswahili. Na aliyepoteza nauli kwa kosa la ratiba arudishiwe bila kuombwa awe mfuasi wa mtu yeyote. Msimamizi yule alituahidi kuwa atalifikisha suala la mama huyo kwa wakubwa wake, nasi tulimwachia namba ya tiketi na namba ya simu iliyo juu yake.

Hadi tunakwenda mitamboni mama alikuwa hajapigiwa. Tangazo la saa 12 lilikuwa lingali ukurasani, na chini yake abiria mmoja alikuwa ameuliza tangu usiku ule ule: “Na sisi wenye tiketi za saa 1 je?” Watu arobaini na mmoja wamelipenda swali hilo. Jibu halijawekwa.